Kusafisha maji machafu juu ya mawe ya volkano: mwongozo kamili kwa vijiji vya kando ya Goma

Mimina bido (jerikeni) ya lita 20 kwenye ufa wa jiwe la volkano, iwe Rusayo, Kibati au Munigi, kisha anza kuhesabu. Kabla hujafika kumi maji yameshapotea. Ndiyo maana wengi huku kwetu hawayahesabu maji machafu kuwa tatizo: hayasimami uani, hayatengenezi tope mlangoni, hayamsumbui jirani. Lakini jiwe limeyameza tu, halijayasafisha. Udongo wa kawaida hupitisha maji polepole, uchafu unakwama kwenye chembe zake na vijidudu vingi vinafia humo. Ufa wa lava hauchuji kitu. Kilichoingia juu ndicho kinachotokea chini, na chini yetu sisi ni Ziwa Kivu, ambalo upande huu wa kaskazini hupokea maji yanayopita ndani ya mawe na kuibukia hata chini ya uso wa ziwa. Ziwani humo humo ndimo watu wanamochota maji ya kunywa.

Goma iliulipia ugumu wa jiwe hili mwezi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika kwa mamia ya maelfu na vyoo havikuweza kuchimbwa. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu ndani ya majuma machache, na mpaka leo hakijaisahau njia ya kuja kwetu.

Mwongozo huu ni wa kijiji kidogo, au sehemu ya kijiji, chenye bomba moja la jumuiya na nyumba zinazolizunguka. Nitatumia mfano wa nyumba 12 zenye watu 84. Ukiwa na watu zaidi au pungufu, badilisha hesabu, utaratibu ni ule ule. Njia ya maji ni hii: yanaanzia lavwari (sakafu ya kufulia na kuoshea vyombo), yanapita kisanduku cha mafuta, tangi la kutuamisha na kitanda cha kokoto, kisha yanaishia shambani.

Hatua ya 1: Amueni ni maji gani yataingia

Hapa sina msimamo wa katikati: maji ya choo yasiingie. Kijiji kinachoteka maji kwa bido hakina sababu ya kutumia lita 3 au 5 kusukuma kinyesi, halafu kitafute fedha za kuyasafisha maji hayo hayo. Kwenye jiwe lisilochimbika, choo kinachofaa ni choo kikavu kilichojengwa juu ya ardhi: vyumba viwili vya chini vyenye sakafu ya simenti isiyovuja, mkojo ukitengwa kwa tiyo (bomba la kupitishia) yake, na majivu yakimwagwa kila baada ya haja. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa na cha pili kinaanza kutumika. Kwa baridi ya huku kwetu, kile kilichofungwa kiachwe mwaka mmoja na nusu kabla ya kutoa mbolea. Choo hicho kinastahili mwongozo wake, kwa hiyo nakiacha hapa.

Yanayobaki ni maji ya kuogea, kufulia, kuoshea vyombo na jikoni. Msiyadharau. Maji yaliyofua nepi za mtoto mwenye kuharisha yana vijidudu sawa na vya choo, ila ni vichache. Faida ya kuyatenga ni kwamba mtambo unapungua karibu nusu.

Kama kituo cha afya kina vyoo vya kumwagia maji na hakuna namna ya kuviondoa, maji hayo yanaweza kuingia, lakini kitanda cha kokoto kiwe mara mbili (mita mraba 2 kwa mtu badala ya 1) na tangi liongezwe lita 40 za tope kwa kila mtu kwa kila mwaka mnaotaka likae bila kuzolewa. Dawa ya klorini ya kuoshea wodi, pamoja na ndoo za wagonjwa wa kipindupindu, visiingie kamwe. Klorini itaua bakteria wanaotufanyia kazi, na kinyesi cha wagonjwa hao kina taratibu zake ambazo muuguzi mkuu wa kituo anazijua.

Hatua ya 2: Hesabuni bido

Usimuulize mama anatumia lita ngapi kwa siku. Hapimi kwa lita, na ukimlazimisha atakupa jibu la kukufurahisha. Kaa karibu na bomba uhesabu bido zinazoingia kila nyumba, siku ya kawaida na siku ya kufua. Kwa wengi siku ya kufua ni Jumamosi. Kwa nyumba za Waadventista ni Ijumaa, nanyi mtashukuru, kwa sababu mzigo unagawanyika.

Tuseme mmepata lita 25 kwa mtu. Watu 84 ni lita 2,100. Karibu asilimia 80 ndiyo hurudi kama maji machafu, sehemu nyingine imenywewa, imepikiwa au imekauka: lita 1,680. Ongezeni kwa ajili ya siku ya kufua na kwa ajili ya watoto watakaozaliwa, mjenge kwa lita 2,500 kwa siku. Namba hiyo ndiyo itatuongoza hadi mwisho.

Hatua ya 3: Mahali

Maji yatembee yenyewe, bila pampu. Pampu inataka umeme au mafuta, na siku itakapoharibika maji machafu yatarudi kwenye ufa. Tafuteni mteremko unaoanzia kwenye bomba kwenda chini, kisha mpime kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama mafundi wanavyosawazisha msingi. Tiyo ya plastiki ya milimita 110 inataka kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita, na 2 ni bora. Jumlisheni mshuko wote, kuanzia lavwari hadi shamba la mwisho, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa simenti. Kimo kikikosekana, inueni lavwari, msichimbe tangi.

Mahali pengi huandikwa kwamba mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi zinatosha. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya udongo. Kwenye lava yenye nyufa, mita 30 zinaweza kupitwa kwa muda mfupi sana, kwa hiyo msiutegemee umbali, tegemeeni simenti na plastiki: hakuna tone linalopaswa kugusa jiwe kabla halijasafishwa. Hata hivyo, kaeni chini ya chemchemi, kamwe si juu yake.

Sasa mazuku. Mtu wa Bulengo au Sake hahitaji kuelezwa, lakini fundi aliyetoka mbali huenda hajui kwamba kwenye mabonde na mashimo ya eneo hili hujikusanya hewa ya kaboni itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na inaua. Waulizeni wazee na wachungaji wa mbuzi: ni bondeni wapi wanyama hukutwa wamekufa asubuhi? Hapo msijenge, hata kama mteremko ni mzuri kiasi gani. Wala msipime kwa mshumaa mkatulia. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka huku hewa tayari inatosha kumwangusha mtu.

Kuna pia suala la umri wa lava. Mitiririko ya 2002 na ya 2021 bado ni mwamba mtupu, mkali, usio na udongo. Ile ya zamani imeshafunikwa na udongo mweusi unaootesha maharage. Mkiwa na uhuru wa kuchagua, mtambo uwe kwenye jiwe jipya na shamba la mwisho liwe kwenye udongo wa zamani.

Kiwanja kikishajulikana, nendeni mapema kwa shefu wa lokalite (kijiji) na wa gurupema (kundi la vijiji), na kwenye eneo la Nyiragongo taarifa ifike sheferi (utawala wa kichifu) ya Bukumu. Mkaonane pia na ofisi ya usafi ya zone ya afya. Nchi yetu ya Kongo ina sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, na huduma ya maji ya wananchi imewekwa mikononi mwa provensi na tawala za chini yake. Karatasi ya mwenye shamba kuachia kiwanja iandikwe na isainiwe mbele ya mashahidi. Mtambo ukishakuwa na mimea ya kijani katikati ya kiangazi, kila mtu atakumbuka kwamba babu yake alilima pale.

Hatua ya 4: Lavwari, kichujio na kisanduku cha mafuta

Mitambo mingi ya namna hii hufia hapa. Angalia mama anavyoosha sufuria iliyoungua: anachota gao la mchanga mweusi na majivu, anasugua kwa jani la mgomba mpaka pande zote zing'ae, anasuuza mara mbili, na vyote vinaenda na maji. Sufuria moja haina neno. Sufuria za nyumba 12, asubuhi na jioni, zinajaza tiyo mchanga ndani ya miezi michache. Msimkataze mchanga. Mpeni mahali pa kuuacha.

Jengeni sakafu ya simenti ya lavwari yenye ukingo, inayoelekea upande mmoja. Mwisho wake pawe na shimo dogo la mchanga, sentimita 40 kwa 40, kina 40, ambalo tiyo yake inatokea juu na si chini, ili mchanga ubaki. Juu yake wekeni kichujio cha wavu wa plastiki wa matundu ya sentimita 1, kinachoinuliwa kwa mkono. Nasema plastiki kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo unafanya mvua yetu kuwa na asidi inayokula mabati, na hewa ya maji machafu nayo inakula chuma. Wavu wa chuma hautamaliza misimu miwili.

Baada ya hapo kuna kisanduku cha mafuta: urefu sentimita 80, upana 50, kina cha maji 50. Maji yanaingia kwa te (kiungo cha tiyo chenye umbo la T) inayoshuka chini ya uso, na yanatoka kwa te nyingine inayochota sentimita 15 juu ya sakafu. Mafuta ya mawese yanapoa, yanaelea, yanaganda juu. Kila Jumamosi jioni mtu anayatoa kwa kijiko kikubwa, anayachanganya na majivu na kuyafukia kwenye mboji.

Nyumba zilizo mbali na lavwari hazihitaji tiyo. Wekeni beseni la kumwagia, lenye wavu juu, ndani ya mita 30 kutoka mlangoni. Likiwa mbali zaidi ya hapo, usiku watu watamwaga kwenye ufa.

Hatua ya 5: Tangi la kutuamisha

Kazi ya tangi ni kuyanyima maji haraka. Yakitulia, kizito kinazama, chepesi kinaelea, na katikati yanabaki maji ya kijivu ambayo kitanda cha kokoto kinaweza kuyamudu. Tunayapa siku mbili: lita 2,500 mara 2 ni lita 5,000. Vipimo vya ndani: urefu mita 2.70, upana 1.50, kina cha maji 1.25, na juu ya maji bakizeni sentimita 30 za hewa. Ukuta wa kati uligawe mara mbili: chumba cha kwanza mita 1.80, cha pili 0.90, na matundu ya kupitishia maji yawe katikati ya kina, si juu wala chini kabisa.

Kwa kuwa hamtachimba, tangi linasimama juu ya ardhi, au nusu yake likipata bonde dogo lisilo na mazuku. Tangi lililofukiwa linasukumwa na udongo kuelekea ndani, na la juu linasukumwa na maji kuelekea nje, kwa hiyo linataka ukuta mnene. Ukuta wa mawe ya volkano wa sentimita 40, ukijengwa kwa simenti moja na mchanga mara nne, kisha ukazungushiwa kifusi cha mawe nje mpaka nusu ya kimo, utashika. Sakafu iwe zege la sentimita 15 lenye nondo. Ndani pigeni krepisaji (lipu) mara mbili, simenti moja na mchanga mara tatu, na koti la mwisho lisuguliwe kwa simenti tupu. Kona zote zizungushwe, zisiwe kali. Kwa vipimo hivi, pamoja na zege la kufunika, andaeni mifuko karibu 40 ya simenti.

Tiyo ya kuingilia iwe juu ya ile ya kutokea kwa sentimita 5 hadi 7. Zote ziwe na te: ya kuingilia inashuka sentimita 30 ndani ya maji, ya kutokea inashuka 50, ili isichote gamba la juu wala tope la chini. Kila chumba kiwe na mfuniko wa zege wenye mshikio, wa kutosha kuingiza ndoo lakini mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuuinua. Tiyo ya kupumulia ipande mita 2 juu, imefungwa kitambaa cha chandarua mdomoni.

Halafu jaribio, ambalo mafundi hulikwepa kwa sababu linachelewesha malipo. Acheni simenti ikomae siku 7 mkiinyunyizia maji. Jazeni tangi maji safi mpaka juu, liacheni siku moja linywe, ongezeni, chorani mstari kwa makaa penye uso wa maji, mfunike. Kesho yake wakati ule ule angalieni. Yakishuka zaidi ya sentimita 1, tangi linavuja: tafuteni ufa, krepisaji irudiwe. Fundi asilipwe fungu la mwisho kabla ya mstari huo kusomwa mbele ya kamati. Haya yaandikwe kwenye mkataba, neno kwa neno.

Hatua ya 6: Kitanda cha kokoto

Hapa ndipo maji yanasafishwa kweli. Maji yanapita kimya chini ya kokoto, bakteria wanaokaa kwenye ngozi ya kila kokoto wanakula uchafu, na mizizi ya mimea inazuia pasizibe. Hakuna maji yanayoonekana juu, kwa hiyo hakuna mbu wala mtoto wa kuzama.

Ukubwa: mita mraba 1 kwa kila mtu, yaani 84. Mkiwa juu kuelekea Kibumba, ambako baridi ni kali na bakteria wavivu, ongezeni theluthi. Msijenge kitanda kimoja, jengeni viwili pembeni kwa pembeni, kila kimoja upana mita 3.50 na urefu 12, na kisanduku cha kugawia maji mbele yao. Vikiwa viwili, kimoja kinaweza kupumzishwa. Wala msikubali fundi awafanyie mfereji mwembamba mrefu kwa sababu kiwanja kimekaa hivyo. Uchafu mwingi unakwama penye mita ya kwanza, na upana mdogo unamaanisha mdomo mdogo, utaziba.

Kina cha kokoto ni sentimita 60 upande wa kuingilia, na sakafu inashuka sentimita 1 kwa mita, kwa hiyo upande wa pili ni 72. Uso wa kokoto unabaki sawasawa. Kuta ni za mawe ya kwenu.

Kuzuia maji yasipenye kuna njia mbili. Ya kwanza ni simenti: sakafu nyembamba yenye wavu wa kuku ndani yake, na kuta zilizopigwa krepisaji. Ya pili ni plastiki nene, milimita 0.75 hadi 1. Bashi (turubai) la wakimbizi halifai. Ni jembamba, na kingo za lava zinalitoboa siku ya kwanza kokoto zikimwagwa. Hata plastiki nene itake godoro: sentimita 10 za mchanga laini uliochekechwa, juu yake magunia ya zamani, ndipo plastiki, kisha magunia tena, ndipo kokoto. Mnaoingia kutandaza, vueni viatu.

Kokoto ndiyo baraka yetu. Kwingine watu hununua kokoto zilizosagwa kwa mashine. Sisi tuna kokoto nyepesi za volkano, nyekundu na nyeusi, zenye matundu kama mkate, na kila tundu ni nyumba ya bakteria. Chagueni za milimita 10 hadi 20 kwa kuchekecha mara mbili, kwa wavu mkubwa na mdogo. Mita ya kwanza na nusu mita ya mwisho ya kila kitanda iwe na mawe ya sentimita 4 hadi 8, ili maji yasambae upana wote. Mnahitaji karibu mita za ujazo 55, kazi ya malori kadhaa, na kama lori halifiki, ya chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na salongo (kazi za pamoja) za Jumamosi nyingi.

Kabla ya kununua, fanyeni jaribio la ndoo. Jaza ndoo ya lita 20 kokoto mpaka ukingoni, kisha mimina maji kwa chupa ya lita 1 huku ukihesabu mpaka yafike juu. Kokoto nzuri zitakubali lita 8 au 9. Zikikubali 5, zina vumbi na vipande vidogo, zirudishwe. Sasa yamwage maji hayo: yakiwa meusi kama kahawa, kokoto zioshwe kabla ya kuingia kitandani. Vumbi la volkano likishuka chini ya kitanda halitoki tena, na hakuna dawa yake isipokuwa kutoa kila kitu na kuanza upya.

Kwa hesabu ile ya lita 8 katika 20, maji yenye kina cha sentimita 50 ndani ya mita mraba 84 ni karibu lita 16,800 kati ya kokoto. Yakiingia 2,500 kwa siku, tone moja linakaa humo kama siku 6 au 7. Muda huo unatosha.

Upande wa kutokea, tiyo yenye matundu ilale chini upana wote na iishie kwenye kisanduku nje ya ukuta, ambamo kuna kude (kiungo cha tiyo chenye kona) inayozungushwa isiyogundishwa. Ukiisimamisha, maji yanapanda kitandani, ukiilaza, yanashuka. Kude hiyo ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndicho pekee kinachowapa mamlaka juu ya mtambo. Siku zote maji yawe sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto.

Hatua ya 7: Mimea

Matete ya kando ya ziwa na mafunjo yanafaa, na vyote vinapatikana kuelekea Sake. Chimbeni vipande vya mizizi vyenye chipukizi, vinne kwa kila mita mraba, vipandwe mvua zikianza, Septemba au mwishoni mwa Februari. Majuma ya kwanza simamisheni kude ili maji yaguse mizizi, kisha mshushe kidogo kidogo mizizi iyafuate chini. Matete ya ng'ombe yataota pia, lakini wenye ng'ombe watakuja kuyakata kila siku wakikanyaga kitanda, na kokoto zilizokanyagwa zinashindiliana. Zungusheni ua tangu siku ya kwanza. Mbuzi hawajui kamati.

Msitegemee maji safi mwezi wa kwanza. Bakteria wanahitaji majuma kadhaa kukaa, na mimea karibu mwaka kushika nafasi yote.

Hatua ya 8: Maji yanayotoka yaende wapi

Yatakuwa meupe, bila harufu mbaya, lakini si ya kunywa, si ya kuoga, si ya kumwagia nyanya wala kitunguu kitakacholiwa kibichi. Bado yana vijidudu. Na kama mkiyaachia kwenye ufa baada ya kazi yote hii, mmeiharibu hatua ya mwisho na iliyo rahisi kuliko zote.

Yapelekeni kwenye udongo. Udongo wa kawaida wa bustani hunywa vizuri lita 20 hadi 25 kwa mita mraba kwa siku, hivyo lita 2,500 zinataka mita mraba 100 hadi 125. Pandeni migomba, miparachichi au mipapai. Tiyo yenye matundu ipite chini ya matandazo ya majani makavu, si juu, ili mkulima asiyashike maji na inzi wasiyapate. Penye mwamba mtupu jengeni kitanda cha udongo: ukuta wa mawe, udongo wa kina cha sentimita 60 ulioletwa, matandazo juu. Lengalenga (mchicha) na sombe (kisamvu) vinapikwa, kwa hiyo vinaweza kukaa pembeni, mradi maji yasiguse majani.

Hatua ya 9: Nani atautunza

Wekeni mtu mmoja anayelipwa kidogo, hata kama malipo ni ndizi za shamba lile, na kamati ya kumkagua. Kazi ya kila mtu haina mtu. Kwenye makamati niliyoyaona yakidumu, mweka hazina alikuwa mama anayefulia pale pale: akiona tiyo imeziba, halali.

Kila siku: wavu unasafishwa. Kila juma: shimo la mchanga na kisanduku cha mafuta. Kila mwezi: angalieni kisanduku cha kugawia, vitanda vyote viwili vipate sawa, na mchukue maji ya kutokea kwenye chupa nyeupe, muiweke juani kando ya chupa ya maji yanayoingia. Kijiji kizima kinaweza kusoma kipimo hicho. Zone ya afya ikiwa na vifaa, waombeni wapime vijidudu angalau mara mbili kwa mwaka.

Kila miezi 6 pimeni tope la tangi: fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe, ishushwe mpaka sakafuni, isubiri dakika chache, iinuliwe polepole. Sehemu iliyotiwa weusi ndiyo kimo cha tope. Likifika theluthi ya kina, yaani sentimita 40 hivi, lizolewe. Lizolewe kwa ndoo yenye mpini mrefu au kwa pampu ya mkono, mtu akiwa nje. Hakuna anayeingia tangini, hata kwa dakika moja, hata kama ndoo imeanguka. Hewa ya tope inaua kama mazuku, na mara nyingi anayefuata kumwokoa wa kwanza hufa naye. Tope likaushwe kwenye sakafu ya simenti yenye ukingo na paa, likae miezi mingi kisha lichanganywe na mboji ya migomba. Bakizeni kidogo tangini, ndiyo mbegu ya bakteria.

Matete yakatwe mara moja kwa mwaka, kiangazi cha Juni hadi Agosti, na majani yatolewe, yasiozee juu ya kokoto.

Yakikwama

Maji yakitokea juu ya kokoto upande wa kuingilia: kwanza lazeni kude. Yasiposhuka, mdomo umeziba. Fungeni kitanda hicho, maji yote yaende cha pili majuma 2 hadi 4, cha kwanza kikauke, uchafu utajila wenyewe. Ikirudia kila baada ya miezi michache, kosa haliko kitandani, liko kwenye kisanduku cha mafuta au tope la tangi.

Harufu ya mayai yaliyooza penye tangi ni kawaida ukifungua mfuniko. Ikisikika bila kufungua, tiyo ya kupumulia imeziba au mfuniko haukai. Harufu hiyo kwenye maji ya mwisho inamaanisha kitanda kimezidiwa: hesabuni bido upya, huenda nyumba zimeongezeka.

Maji ya kutokea yakipungua ghafla bila kiangazi, kuna uvujaji. Baada ya tetemeko la ardhi, na haya huku kwetu si machache, rudieni jaribio la mstari wa makaa. Kwa vitanda, fungeni maji yasiingie wala yasitoke, mwone uso unashuka kiasi gani usiku, wakati jua halinywi. Kitanda kilichopasuka kikaushwe na kufunguliwa upande mmoja tu kwanza, penye kona na penye tiyo inayopenya ukuta, kwa sababu mara nyingi ndipo panapoachia.